Nyevu, Waziri wa Wageni

S.L.P. 61,
Malindi.
9 Agosti 1986

Mpendwa Dada Kadzo,

Shikamoo. Baridi ya Eldoret yakuendeaje? Na kile kifua, kimekuachia? Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Mahindi ya Vitengeni yamekauka, lakini mihogo ipo.

Uliniuliza binti yako Nyevu hufanya nini kila Jumamosi na wenzake pale ukumbini. Usihofu. Wanacheza mchezo wa vita na utawala. Kila mchezaji ana jimbo lake kwenye ramani; amri zake humpelekea mwamuzi Mombasa kwa posta, naye huwajibu nani kashinda, nani kapoteza. Tena wameunda serikali yao wenyewe. Mwalimu Masha ndiye rais. Nyevu wamempa uwaziri wa wageni, awafunze wanaoanza.

Mwezi wa tano aliingia Mwaura, fundi wa redio kutoka Murang'a, hajui mtu hapa mjini. Kila alichopanda jimboni mwake kwenye ramani, wachezaji wa upande wa adui walikipora, mwisho akaaga kwamba anaacha mchezo. Nyevu alimfuata hadi kibandani kwake, wakaitandaza ramani juu ya redio mbovu. Hakumpangia amri. Alimwuliza tu: mbona jeshi liko hapa, na litakula nini? Mpaka mwenyewe akaanza kujijibu.

Sasa sikia. Maadui walipouzingira mji mkuu wa serikali yao kwenye ramani, Masha aliamuru nafaka yote ya Mwaura ichukuliwe. Mawaziri wakaafiki. Nyevu akasimama, dada, mtoto wako yule mpole.

"Tukimpora sisi wenyewe, ana haja gani ya kuwa raia wetu? Mwombeni. Mkimnyang'anya, najiuzulu."

Masha alinuna, lakini akaomba. Mwaura alifikiri, akatoa nusu. Nusu nyingine akawalisha askari wake, akawapitisha nyuma ya milima, mahali ambapo hakuna aliyepafikiria, wawavamie maadui kwa nyuma. Majibu ya Mombasa yalipofika, mji ulikuwa umeokoka.

Basi wakataka Nyevu awe rais. Masha mwenyewe ndiye aliyempendekeza, na kwa hilo namheshimu. Nyevu akakataa.

"Nikiwa rais, nani atakaa na wageni?"

Akavuta kiti karibu na mama mmoja wa Magarini aliyeingia siku hiyo, akaanza kumwonyesha mito iko wapi.

Mke wangu Idah anakusalimu sana. Nisalimie shemeji Lewa na watoto. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa dhati,
Randu