Koo Langu na Jumatatu Ijayo

Vyšni Potik,
Slovakia.
2 Machi 2004.

Mpendwa dada yangu Melana,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. U mzima? Na magoti, bado yanakusumbua? Huko kwenu Serbia theluji lazima imeshayeyuka, huku kwetu bado imefika madirishani. Mimi kula nakula, kuni napasua mwenyewe, ila koo.

Hilo koo ndilo limenishikisha kalamu, na unajua mimi na kalamu hatupatani.

Tangu Krismasi nakwaruza ninapoongoza nyimbo kanisani. Nikasema ni baridi tu, nikanywa pombe ya plamu na asali. Wapi! Mkwe wangu Hania akaniburuta hospitali ya mjini. Daktari akachungulia, akasema kuna uvimbe mbaya, lazima wakate, na sauti huenda ikaondoka nao.

Nikajifanya sielewi Kislovaki, eti najua lugha yetu ya nyumbani tu. Unanijua. Daktari akarudia polepole neno lao la sauti: “Hlas.” Nikamkodolea macho. Akaitwa muuguzi wa Kiukraine: “Holos, babu.” Nikatazama dirishani. Mpolandi mmoja wa kitanda cha pili, mdomo mrefu, akadakia: “Głos, mzee! Głos! Hata farasi wangu angeshaelewa!” Wodi nzima ikaangua kicheko. Na ninyi huko mwaita glas. Sasa mtu akimbilie wapi, dada?

Kanisani kwetu hakuna kinanda. Nikinyamaza mimi, wote wananyamaza. Hajazaliwa wa kunifikia bonde hili. Huyo Petro wa kwa Jurko anaimba kama mlango usiotiwa mafuta. Na Pasaka hiyo inakuja.

Nilikataa kabisa. Hania akaweka chini sahani ya viazi, akaniambia: “Baba, mimi sikuolewa na kwaya. Nataka ukae hapo kitini, hata ukiwa bubu kama kiatu.” Akalia. Basi nimekubali. Wananikata Jumatatu.

Siogopi. Ila usingizi umenikimbia. Tulipomzika mama uliniambia kuwa nikiimba unamsikia baba. Hilo ndilo linalonikaba, kuliko huo uvimbe.

Kwa hiyo piga simu Jumapili baada ya misa. Usilie, simu ni ghali. Nitakuimbia ule wimbo wa baba wa kukata nyasi, wote, hata nikikwaruza.

Nisalimie shemeji Janko, na Ljubica na watoto wake. Mungu awafunike kwa mkono wake, nanyi mniombee.

Baada ya Jumatatu endelea kupiga. Utaongea wewe, mimi nitagonga meza ujue nipo.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Mitro