Siku Tuliyofuata Tarumbeta Mombasa

Rodha,

Nakuandikia nikiwa saluni kwa Kadzo, daftari nimeliweka juu ya kabati la mafuta ya nywele. Nimeketi mara mbili, nimeinuka mara mbili. Kadzo amenitazama kupitia kioo, kichwa cha mteja kiko mikononi mwake, akasema, "Habiba, kaa au toka, unanizungusha macho." Nimechagua kusimama. Siku hizi kukaa kumenishinda.

Tangu ufe nimehama mara tatu pale sokoni Garsen na madumu yangu ya maziwa. Kwanza nilikwenda kando ya bucha, kisha karibu na geti, sasa niko ng'ambo ya barabara. Wateja wananitafuta kama ng'ombe aliyepotea. Pale ulipokuwa ukiuza ndizi ameingia mwanamke wa mitumba, na mimi siwezi kupita pale bila kugeuza uso. Mto ulijaa ukachukua mahindi ya kwenu Ndera, lakini kaka yako amepanda tena. Mwanangu Zeinabu amejifungua salama. Ni msichana. Ana vidole virefu na analia kama mtu anayedai kitu.

Hizo ni habari. Kilichonileta kwenye daftari hili ni ile safari yetu, na yale niliyosema baadaye.

Wewe ndiye uliyekuwa hutaki kwenda. Mwanaisha alikuja na beseni lake la samaki kutoka Kipini, akasimama kati ya ndizi zako na maziwa yangu, akasema dada yake wa Mombasa ana chumba, na kwamba kutakuwa na kanivali. Ukamuuliza kanivali ni kitu gani. Akasema, "Ni watu kuvaa kama wamerukwa na akili, na hakuna anayewauliza." Mimi nilisema naenda kabla hajamaliza. Kadzo akasema atafunga saluni. Wewe ukabaki unapanga ndizi, ukasema, "Na Zeinabu je? Wakwe wanakuja mwezi ujao." Nikakujibu kwamba wakwe wanamtaka Zeinabu, hawanitaki mimi.

Tulikuwa wanawake wanne tuliopita miaka arobaini, na hakuna kati yetu aliyewahi kusafiri ila kwa hospitali au matanga. Kaka yangu Wario nilimwambia naenda kununua vyombo vya harusi. Ilikuwa nusu ya ukweli. Vyombo tulinunua.

Nakumbuka kile kizuizi cha barabarani, askari walipotuteremsha wote na vitambulisho mkononi. Chako ulikuwa umekifunga kwenye pindo la leso, fundo juu ya fundo, na basi zima likasubiri ukifungua. Ulipopanda tena ukapita ukiomba msamaha kiti kwa kiti, hata kwa mtoto aliyekuwa amelala.

Kisha Mombasa. Mchana ule barabara ilikuwa imefungwa, watu wamejaa pande zote mbili, na malori yalipita polepole yakiwa yamepambwa kwa makuti na karatasi za rangi. Walipita watu waliotembea juu ya magongo marefu. Yakapita masanamu ya vitambaa, marefu kuliko nyumba, yakiyumba kama walevi. Kadzo alipiga picha mpaka simu ikazima. Mwanaisha alitutajia jina la kila kundi, na nadhani nusu ya majina aliyabuni. Wewe ulikaa ukingoni mwa barabara, umevua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, unakula viazi karai kutoka kwenye gazeti, na uso wako ulikuwa umetulia kabisa.

Mimi sikutulia. Nilikuwa mjane wa miaka sita. Miaka sita ya kuamka, kukamua, kupima maziwa, kurudi, kujibu kila mtu kwa sauti ya chini. Tarumbeta zilipofika, mwili ulitangulia. Msichana mmoja wa kundi lile aliniona natikisika, akavua kofia yake ya manyoya mekundu akaniwekea juu ya mtandio. Nikaingia barabarani. Kisha nikarudi kukuchukua.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, Rodha. Nilikushika mkono. Ukasema, "Biba, niache, nina mafuta mkononi." Nikavuta. Ukasema, "Wakwe za mtoto bado wako njiani, mama." Nikasema, "Nani anatujua hapa?" Nikavuta kwa mikono miwili mpaka ukasimama, na viazi vikamwagika. Ulitembea kando yangu ukiwa pekupeku, umebeba viatu vyako na mkoba wangu, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Baada ya nyumba kama kumi ukaanza kucheka, ukaanza kucheza na wewe, ile hatua yenu ya kwaya, mbele moja nyuma moja, hata watu wa tarumbeta wakaiga. Sijawahi kufurahi vile tangu nizaliwe. Nataka ulijue hilo kabla sijaandika yanayofuata.

Video ilifika Garsen kabla yetu. Ilikuwa fupi tu: mimi na kofia nyekundu, mabega yanaruka, wewe pembeni na viatu mkononi. Siku ya tatu Wario akaja nyumbani na wazee wawili waliotumwa na wakwe kutoka Bangale. Hawakugomba. Wario alinipa simu, akauliza, "Huyu ni nani?" Mzee mmoja akasema wametumwa waulize tu, kwa heshima, kama mama ya bibi harusi ndiye huyu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nyuma ya pazia nilimwona Zeinabu ameshika kinywa chake. Nikasema, "Ni mimi. Lakini ni Rodha aliyenivuta. Mimi nilikuwa nimekaa."

Ilitoka hivyo, nyepesi. Sikuipanga. Nilipoisikia nilidhani nitaifuta baada ya harusi.

Wakaja mpaka kwako sokoni. Mimi nilikuwa nawafuata nyuma, na madumu yangu yalikuwa palepale pembeni yako. Wario alikuuliza mbele ya watu. Uliniangalia juu ya ndizi zako. Hukuniangalia kwa hasira. Uliniangalia kama unasoma maandishi madogo. Kisha ukasema, "Ni kweli, wazee. Nilimvuta. Yeye hakutaka."

Ulikuwa wapi wakati huo ule ulimi wako, uliokuwa ukinikaripia nikizidisha maji kwenye chai? Heri ungenitukana. Nilingoja wazee waondoke nikushukuru, badala yake nikaanza kupima maziwa. Kesho yake nikahamisha madumu mpaka upande mwingine wa soko. Watu walidhani nimekukasirikia, na nikawaacha wadhani. Wanawake wa sokoni wakaanza kukuita Mama Kanivali. Wewe uliendelea kupanga ndizi.

Harusi ikafanyika. Wario alisema, "Yule rafiki yako, afadhali asionekane." Sikubishana naye. Wewe uliyemtoa Zeinabu kwenye maji ya mafuriko mgongoni mwako, akiwa hata hajaota meno, ulikuwa unauza ndizi siku aliyoolewa, na ngoma za nyumbani kwangu zinasikika mpaka hapo kibandani. Wiki iliyofuata tulikutana kwenye bomba la maji. Ukauliza, "Biba, harusi ilikwendaje?" Nikasema, "Vizuri." Ukasema, "Alhamdulillahi," wewe mtu wa kanisa, kwa ajili yangu. Nikachukua mtungi wangu kabla haujajaa nikaondoka.

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Nilisikia kwamba tumbo linakusumbua na umerudi Ndera kwa mama yako. Nikasema nitakwenda Ijumaa. Ikapita. Nikasema ijayo. Walikupeleka hospitali, na Kadzo ndiye aliyekuja kuniambia kwamba umefia huko, akiwa na kitana bado kimekwama kwenye nywele zake mwenyewe. Mazishini nilisimama nyuma kabisa, nyuma ya watu ambao hata hawakuwa wakikujua.

Sasa nikuambie kilichotokea mwezi huu.

Zeinabu alikuja kujifungulia kwangu, na mama mkwe wake, Mama Barisa, akateremka kutoka Bangale kumwona mtoto. Ni mwanamke mkubwa, mpole, anayeongea akitazama kikombe. Tulikuwa sisi wawili, Zeinabu amelala na mtoto. Akaniuliza, "Yule rafiki yako mliyekwenda naye Mombasa, yuko wapi? Nilitaka kumwona safari hii."

Nikamwambia umefariki. Aliweka kikombe chini. Mimi nikainuka, nikafunga dirisha, nikalifungua. Akasema, "Kaa, Habiba."

Akaniambia video waliipata yote, si ile fupi iliyozunguka Garsen. Mtoto wa dada yake anaishi Mombasa, ndiye aliyeipiga, akiwa ng'ambo ya barabara, bila kujua sisi ni nani. Inaanza nikiwa natoka kwenye umati. Inaonyesha nikikushika mkono, wewe ukikataa, mimi nikivuta, viazi vikimwagika.

"Tulicheka mpaka chai ikapoa," akasema. "Mume wangu alisema, nyumba hiyo angalau ina furaha. Wazee walikuja kuuliza kwa sababu wazee lazima waulize. Tulidhani utasema, ni mimi, nilifurahi. Wangekaripia kidogo yakaisha."

Akaendelea, bado anatazama kikombe. "Waliporudi na jibu lako nikajiuliza, huyu msichana amelelewa na nani? Kisha wakaniambia yule mwanamke amekubali kosa si lake. Nikasema, basi amelelewa na huyu pia. Nikakubali ndoa iendelee. Siku ya harusi nilimtafuta kati ya wanawake nimshike mkono. Nikaambiwa hakuja."

Rodha, nilitoka nje. Nilitembea mpaka barabara kuu na kurudi, na tena, jua likiwa kali, bila viatu. Nilijidanganya muda wote huu kwamba ulinunua ndoa ya mtoto wangu kwa jina lako. Kumbe ndoa haikuwa hatarini hata kidogo kabla sijadanganya. Ilihitajika sentensi moja tu ya kweli, na aibu ya siku mbili, na wewe ungekuwa mbele kabisa harusini, na ningekuwa nimekuja Ndera kukushika kichwa ukitapika.

Nilipoingia, Mama Barisa alikuwa ameshavaa buibui. Akasema, "Nipeleke kwao."

Tulikwenda kesho yake. Tulivuka mto kwa mtumbwi, yeye ameshika ukingo kwa mikono miwili kwa sababu wa Bangale hawajui maji. Mama yako alikuwa anapukuchua mahindi. Mama Barisa akamshika mkono, akaushikilia kwa muda, akasema, "Huu ulikuwa wa binti yako." Kisha akanigeukia. Nikasema yote. Nilisema nani alivuta, nani alikataa, nani alidanganya, na nani hakukualika. Nilisema nikiwa nimepiga magoti, maana kusimama kulinishinda.

Mama yako hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Najua. Aliniambia tangu siku ile." Nikamuuliza ulisema nini juu yangu. Akasema, "Alisema una haraka ya kila kitu, hata ya kuogopa. Alisema utakuja. Mpaka hospitali alikuwa akiuliza kama gari la Garsen limefika."

Hilo sijui nitalibeba vipi. Naliandika hapa kwa sababu nikilisema kwa sauti naanguka.

Alinipa kikapu nipukuchue naye. Tukapukuchua, sisi watatu, mpaka alasiri. Wakati wa kuondoka akasema, "Mimi umeniambia ninachokijua. Kawaambie wasiojua."

Basi siku ya soko nilikwenda pale mahali pako. Nilimwomba mwanamke wa mitumba nafasi ya kusimama. Nikasema mbele ya wale wale, nikitaja jina langu na lako. Wengine walicheka. Mmoja akasema, "Na sisi tulimwita Mama Kanivali," akaingia ndani ya kibanda chake. Wario alikuja jioni amekasirika kwamba nimemwaibisha yeye na wazee. Nikamwambia, "Ndiyo, nimekuaibisha, kaa unywe chai." Hakunywa. Hajaja tangu siku ile. Zeinabu naye alinisikiliza akinyonyesha, kisha akaniomba nimwache peke yake. Jana ameanza kusema nami tena, kidogo, mambo ya nepi na uji. Amempa mtoto jina lako. Mama Barisa hakupinga. Mimi sikuulizwa, na ni haki yao.

Kesho asubuhi tunaondoka, Kadzo, Mwanaisha na mimi. Kanivali imefika tena. Nilikuwa nimesema siendi, Mwanaisha akasema kwenye kiti chako watauweka mkoba wangu, nikakasirika, kisha nikakubali. Wario nimemtumia ujumbe kwamba naenda kanivali, na nimeliandika neno hilo lenyewe, bila vyombo wala harusi. Hajajibu. Mama yako nimemwambia nitarudi Ndera Jumatano ijayo kumsaidia mahindi, na Jumatano nyingine baada ya hiyo, na sitasema Ijumaa halafu ikapita.

Sikuahidi kwamba nitacheza. Huenda tarumbeta zikipita nitalia tu kama mjinga katikati ya watu. Lakini mtu yeyote akiniuliza, Mombasa au Garsen au Bangale, ni nani aliyeanza siku ile, nitamjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Kadzo anazima feni, anataka kufunga. Pumzika, Rodha wangu, Mungu akutunze kwa upole uliotutunza nao.

Ni mimi niliyekuvuta.

Habiba