Si Vidonda vya Tumbo

Umoja, Jumapili

Sikukujibu kwenye simu, Mama, uliponiuliza kama ninakula. Simu yako unaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikia. Mulembe, Mama. Goti limepoa? Mimi nimependwa mpaka naona haya. Wekesa wangu akitoka kiwandani huniletea ndizi moja mfukoni, imepondeka, nami naipokea kama pete ya pili.

Juzi tulienda kukata bima ya matibabu, tukimtayarishia mtoto tutakayejaliwa. Ajenti, dada mcheshi, akasoma kwenye fomu, "Umewahi kulazwa?" Nikamjibu kwa lile jina tulilowaambia shule na kanisa: vidonda vya tumbo.

"Basi utaleta picha ya tumbo," akasema. "Na usinidanganye, mrembo. Wakigundua baadaye, hata malaria hawakulipii."

Picha gani, Mama? Tumbo langu halikuwa na kidonda. Nilikuwa nikikataa chakula tu, mpaka nikaanguka kwenye paredi ya shule.

Nikamwomba twende na fomu nyumbani. Njiani Wekesa akanitania, "Kumbe nimeoa vidonda." Tulipofika nikamwambia yote, hata ulivyokuwa ukikaa mbele yangu mwaka mzima mpaka sahani iishe. Kisha akauliza, "Na nikiwa zamu, nani hukaa mbele yako?"

Sikumjibu. Wewe nitakuambia. Wiki hii yuko zamu ya jioni. Napakua, nasikia watoto wa jirani wakigombania ukoko wa ugali, nautazama ukuta, halafu nafunika sahani. Ploti tunayoishi imejaa watu, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba sijala.

Fomu tumeijaza kwa ukweli. Ajenti anasema huenda ugonjwa huo wasiulipie mwanzoni, lakini mengine watalipia. Wekesa alitia sahihi yake chini ya yangu, akanishika mkono kama siku ile kanisani. Wanataka barua ya hospitali, ile unayoificha chini ya sanduku la vitambaa. Usiichome, Mama, na usimpe mtu ailete.

Msalimie Baba, shangazi mshona nguo, na mdogo wangu Nekesa. Kitambaa alichotufumia Nekesa kiko mezani.

Barua ya hospitali nitaifuata mwenyewe kabla mwezi huu haujaisha. Usinichinjie kuku. Pika mboga za kila siku, kisha ukae mbele yangu.

Binti yako,
Nafula