Akisaidiwa na Mzee Mmoja

Barasa,

Mimi nina miaka sabini na mbili. Nimevuka Emergency ya wakati wa Mau Mau na mitaro yake. Mzungu wa mkonge aliyenifundisha kupiga rangi kule Ngoliba alishakufa kwao, mimi nipo. Nimemzika mke wangu Wambui. Gereji nne zimefungwa nikiwa ndani nimeshika bunduki ya rangi, na kila mara nilitoka nikatafuta nyingine. Kukuzika wewe sikupanga. Ulikuwa mdogo wangu kwa miaka kumi na moja, na chakula ulikuwa unakula vizuri.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa zile herufi za ngumbaru, za darasa la watu wazima, ulizokuwa ukizicheka. Sikutaka kuandikiwa. Nimekasirika, na mtu akikuandikia hasira yako huwa anaipunguza.

Nitaanza na mpwa wako, halafu nifike kwako.

Siku ya ibada hapa Kiganjo, kabla hujapakiwa kwenda kwenu magharibi, mpwa wako yule wa tai alisimama kusoma historia ya marehemu. Mimi nilikuwa kiti cha pili, nimevaa koti langu la harusi. Akasoma ulikozaliwa, ukabatizwa, ukaja Thika kwa kazi ya ngozi, ukaacha ngozi ukaingia gereji. Halafu akasoma hivi, na nimeyashika neno kwa neno: "Marehemu ndiye fundi wa kwanza Thika na Ruiru kulivalisha gari la mbio plastiki ya kulinda rangi, akisaidiwa na mzee mmoja."

Mzee mmoja.

Barasa, mimi nimepiga rangi lori ya polisi. Nimepiga rangi gari ya askofu. Nimepiga rangi jeneza la chifu, na lile jeneza mtu angeweza kunyoa ndevu akijiangalia. Mzee mmoja ni yule anayechunga baiskeli nje ya soko. Mzee mmoja ni yule unayemuuliza njia ukiwa umepotea, na ukishapita humkumbuki. Nilingoja watu wageuke kuniangalia. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa hawajui ni mimi.

Sasa wacha niseme ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikuwepo na huwezi kunikatiza.

Ni ule mwaka watu walikuwa wakionyeshana vidole viwili vya vyama vingi barabarani. Bwana Njuguna wa Ruiru, mwenye duka la mabati na misumari, alinunua ile gari yake nyekundu ya milango miwili. Fupi, mpaka kuingia ni kama kulala kitandani. Akawa anaipeleka mbio kwenye barabara za mashamba ya kahawa, na kokoto zinamla boneti kama ndui. Nikaipiga rangi mara mbili. Mara ya tatu akaja na roli ya plastiki, amepewa na watu wa mbio za magari Nairobi. Unaona kupitia kama maji. Upande mmoja gundi.

Mimi nilikataa. Nilimwambia rangi yangu si kochi jipya ambalo mwenyewe anaogopa kulikalia. Wewe ukacheka ukaniambia, kwa lile jina lako la kuniita babu, "Guka, sema plastiki." Nikasema. Ukasema, "Si prastiki. Plastiki." Na wewe ulikuwa unaita gari "kari" mpaka siku unakufa, lakini hiyo hatukuwa tukiiongea. Angalia vile nimeandika hapo juu. Plastiki. Kwa L. Umeona.

Basi tukajaribu. Tukailaza kavu juu ya boneti kama karatasi ya ukutani, ikashika pale ilipoangukia, ikafanya malengelenge kila mahali kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Tukaing'oa, kile kipande kikaharibika. Na roli ilikuwa moja tu.

Hapo mmoja wetu akasema tutie maji ya sabuni. Sisemi ni nani. Tutafika.

Ukaenda kwa saluni ya mke wako, Mama Nekesa, ukarudi na beseni, chupa ya kunyunyizia na ile mashine yake ya kukausha nywele. Tukalowesha boneti. Tukalowesha plastiki upande wa gundi. Ikateleza kama samaki, unaisukuma huku na huku mpaka ikae. Halafu kisigino cha slipa, kutoka katikati kwenda nje, pole pole, unafukuza maji mpaka gundi ishike. Penye kona unaipasha moto inalegea, unaivuta, unakata ukingo kwa wembe bila kugusa rangi. Tulipiga magoti siku mbili mbele ya ile gari kama watu wa kanisa. Wewe upande wa kulia, mimi kushoto. Na kushoto ndiko kulikuwa na ile kona mbaya, chini ya taa, ambapo boneti inajikunja mara mbili.

Kona hiyo niliifanya mimi. Miaka sita nimeiambia Thika nzima. Kwa kinyozi, kwa chai, kwa matanga ya watu nisiowajua. Nilikuwa nasema, nendeni Ruiru mwangalie kona ya mbele kushoto, kama mtaona lengelenge hata moja mje mnitukane. Na wewe ulikuwa umesimama hapo kando. Mara moja mteja alikuuliza, ukamjibu, "Hiyo ni kona ya Guka." Ulimjibu hivyo. Nilikusikia kwa masikio yangu.

Baada ya ibada nilimwambia Mama Nekesa kwamba kwenye ibada ya shukrani, ile ya Jumapili ijayo, nataka nafasi ya kusema. Nilitaka ile karatasi isomwe upya, jina langu litangulie. Akasema, "Sawa, Baba Gathoni, lakini usimkosee marehemu." Nikamwambia marehemu ndiye amenikosea. Halafu nikaenda Ruiru, nione kona yangu nipate nguvu ya kuongea.

Lazima ujue kwamba nina miwani sasa. Gathoni alinipeleka kwa daktari wa macho baada ya mimi kukanyaga kuku wake nikidhani ni gunia.

Bwana Njuguna akaisukuma gari mpaka kwenye jua. Nikapiga magoti. Nikavaa miwani.

Kuna mshono, Barasa. Mwembamba kama unywele, unazunguka chini ya taa kama kucha ya mwezi. Kuna kipande kimekatwa kikatolewa, kikawekwa kingine, na ukingo wa kile kingine umelalia upande ambao wembe wa mtu wa mkono wa kulia haulali. Thika nzima mimi namjua fundi mmoja tu aliyekuwa akikata kwa kushoto.

Nilibaki pale chini. Bwana Njuguna akakohoa. Akasema, "Mzee, mlipomaliza, Barasa alinifuata hapa kesho yake asubuhi. Alisema amesahau kofia ndani ya gari. Alikaa na hiyo kona mpaka saa sita, akaniambia nisimwambie Guka."

Kofia. Wewe hujawahi kuvaa kofia.

Nilimuuliza kona yangu ilikuwaje. Hakutaka kusema. Nikamwambia nimevuka Emergency, aseme. Akasema ilikuwa na malengelenge saba na mchanga ndani.

Sasa hasira yangu ni hii. Ulijua macho yangu yamekwisha. Ulijua miaka sita. Ungeniambia, ningekutukana wiki moja, labda mbili, ningekuita mwizi wa kazi, halafu ningeenda kwa daktari. Badala yake ukaniacha nikijisifu mbele za watu kama jogoo aliyepanda juu ya nyumba ya wenyewe. Ulinihurumia. Nani alikuambia mimi ni mtu wa kuhurumiwa?

Na zile gari zingine? Baada ya hiyo tulivalisha saba. Ile ya kijani ya mwalimu mkuu. Ile ya yule mama wa maua. Kila jioni ulikuwa unaniambia, "Guka, tangulia, mimi nafagia." Nilikuwa natangulia. Nilikuwa nawaambia watu kwamba Barasa nimemfundisha usafi. Sasa nalala naangalia mabati nafikiria kule kufagia kote. Fundi gani anapenda kufagia hivyo?

Sitaenda kuangalia zile saba. Usinitume.

Na yale maji. Nilisema tutafika, tumefika. Nilipinga. Nilikuambia maji na rangi ni adui tangu mzungu wa mkonge, na kwamba mtu wa ngozi hawezi kunifundisha. Ulinyamaza, ukaenda ukaleta beseni. Kesho yake nilikuwa kwa kinyozi nasema wazo la maji nilipata mimi, na nimelisema mara nyingi mpaka nikaliamini. Hata hapo ulinyamaza. Wewe ulikuwa na ukimya mbaya sana, Barasa, ambao mtu anautambua wakati hawezi tena kukuuliza.

Gereji sasa kuna redio tu. Slipa yako ya kusukumia maji bado iko kwenye msumari, imelika upande mmoja, upande wa kushoto. Nilijaribu kuitumia juzi. Haikubali mkono wangu. Nimeirudisha kwenye msumari.

Jumapili nitasimama. Nitavaa koti lile lile na miwani. Nitasema maji yalikuwa ya Barasa. Nitasema kona ya mbele kushoto ilikuwa ya Barasa, na nitaisema kwa sauti ambayo watu wa nyuma watasikia, hata kinyozi, maana nimemwambia aje. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na unajua mimi nikisema neno sirudi, hata likiwa la kuniaibisha.

Lakini yule mpwa wako nitamkalisha chini na kalamu. Neno "akisaidiwa" aliache, limenitosha. "Mzee mmoja" alifute, aandike Kariuki, Baba Gathoni, fundi wa rangi. Hilo sikuachii hata kama umekufa.

Nenda salama, Barasa. Huko uliko kama kuna kufagia, fagia chako.

Anayesema nimedanganya aende Ruiru amuulize Bwana Njuguna. Au aende Kiganjo kwa Mama Nekesa, aliyetupatia beseni lake na hajawahi kulidai. Na kama hatawakuta wote wawili, kona yenyewe ipo, mbele kushoto, chini ya taa. Aitazame kwenye jua, na aende na miwani.

Kariuki, Baba Gathoni
Thika