Nani Anapanga Benchi?

Jumatatu, 3 Machi

Darasa la kwanza la sosholojia. Nilidhani ni mambo ya siasa! Kumbe ni sisi wenyewe, watu na jinsi tunavyokaa na wenzetu. Mwalimu ni binti mdogo, rika la kifungua mimba wangu, lakini akifungua mdomo unasahau umri wake. Hashiki hata karatasi. Alituuliza: nani aliwafundisha kunong'ona mkiingia chumba cha mgonjwa? Tukaanza kutazamana. Nani kweli? Hiyo ndiyo kaida, akasema — sheria isiyoandikwa popote, ila ukiivunja utakiona.

Mume wangu kauliza kama nimeanza kusomea umbea kwa cheti. Nimecheka mpaka machozi. Hakukosea sana!

Jumatano, 5 Machi

Kazi tuliyopewa: chagua mahali unapopajua, upatazame kama mgeni aliyefika leo. Usihukumu. Andika nani anafanya nini, na nani anamtii nani. Vijana ninaosoma nao wamekimbilia viwanja vya mpira na saluni. Mimi miaka kumi na moja niko kwenye dirisha la mafaili hapa zahanati, na mbele yangu kuna benchi refu la wagonjwa. Basi, benchi hilo hilo. Uvivu nao una faida zake.

Alhamisi, 6 Machi

Lo! Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mimi nimeishi bila kuona.

Hakuna namba pale. Hakuna mlinzi wa foleni. Anayekuja anakaa mkiani, mtu akiitwa ndani wote wanasogea. Nimeandika saa mbili nzima. Saa tatu hivi akaingia bwana mmoja mwenye tai, akaenda moja kwa moja kukaa mbele. Watu wakakunja nyuso tu. Mara Mama Deki, dada yetu wa usafi, huyo na ndoo yake. "Samahani baba, simama kidogo nipige deki hapo." Bwana akasimama. Benchi zima likasogea, nafasi yake ikafa. Akabaki anashangaa, mwisho akaenda mkiani.

Nilidhani ni bahati. Bwana akajaribu tena. Deki tena! Mara ya tatu sakafu ilikuwa inang'aa hata unaweza kujitazama, na bado Mama Deki aliona uchafu.

Miaka kumi na moja nimekuwa nikisema huyu mama anapenda usafi kupita kiasi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeona upande wa pili. Bibi mmoja kaingia anatetemeka kwa homa. Mama Deki akafuta mahali palipokuwa pakavu tangu asubuhi, akamwambia, "Bibi, njoo ukae hapa pakavu." Palikuwa mbele kabisa. Hakuna aliyenung'unika! Fundi viatu aliyekuwa wa kwanza ndiye aliyemshika bibi mkono.

Mwalimu alisema kuna cheo cha karatasi na kuna heshima ambayo watu wanakupa wenyewe. Kwenye karatasi za zahanati Mama Deki ni wa mwisho kabisa, hata chini ya mlinzi. Pale kwenye benchi yeye ndiye waziri mkuu. Namvulia kofia.

Jumanne, 11 Machi

Nimemvizia Mama Deki kwenye bomba akisuuza matambara. Nikamuuliza kwa nini hamwambii mtu waziwazi kwamba karuka foleni. Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto. "Dada, mtu ukimgombeza mbele za watu, anapandisha hasira. Ukimwomba ainue miguu, anainua." Basi, akaendelea kusuuza. Mwalimu alitumia kipindi kizima kutueleza jambo hilo, jinsi jamii inavyomrudi mtu wake bila polisi!

Nimeandika kurasa tano, mkono unauma. Sijawahi kuandika kitu kwa raha hivi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata alama ya juu kuliko wote! Mwalimu kaisoma insha yangu mbele ya darasa, sauti ikamtetemeka kidogo pale kwa bibi wa homa. Mimi nimevimba kichwa, sifa zitaniua. Pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Je, ulimwomba ruhusa huyu mama?" Mh. Sikumwomba. Lakini jina lake sikuliandika, na yote ni ya kumsifu. Ubaya uko wapi?

Nimempelekea mkuu wa zahanati naye asome, anipe ruhusa ya siku za mtihani. Kanipa papo hapo. Insha kabaki nayo.

Jumatatu, 17 Machi

Kiherehere changu! Kiherehere changu mimi!

Bwana wa tai alikuwa ameandika barua ya malalamiko wiki iliyopita, kwamba mfanya usafi anawanyanyasa wagonjwa kwa makusudi. Mkuu aliwauliza watu wa benchi, wote wakasema hawakuona kitu. Fundi viatu, naye alikuwepo siku ile, alisema yeye macho yake mabovu! Kesi ilikuwa inakufa yenyewe. Halafu nani akapeleka ushahidi, umepigwa mstari, una tarehe na saa? Mdomo uliponza kichwa, ila mimi nimeponza kichwa cha mwenzangu. Kesho kikao.

Nimemwambia mume wangu. Leo hakutania.

Jumanne, 18 Machi. Mchana, chumba cha mafaili

Kikao kimekwisha. Mkuu kasoma ukurasa wa pili kwa sauti, Mama Deki amekaa palepale. "Hagombezi wala hatishi. Anamwinua mkosaji kwa deki, mara tatu ikibidi." Maneno yangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Mkuu akaniuliza, uliyaona kwa macho yako? Nikasema niliona, lakini — Akasema hizo lakini zangu niziweke kando, hata yeye insha kaipenda, ila malalamiko ni malalamiko. Kanipa fomu nisaini kwamba nathibitisha. Nikisaini, mkataba wa Mama Deki unaishia mwisho wa mwezi. Nikikataa, nimekana kila mstari nilioandika, na kila mstari ni kweli.

Mama Deki hakujitetea. Aliuliza swali moja tu, "Kurasa zote hizo ni mimi?" Mkuu akasema ndiyo, tano. Akatoka.

Sasa hivi kaja hapa dirishani. Nikaanza, dada yangu nisamehe, mimi ndiye niliyekuponza, hata ruhusa sikukuomba. Kanikatiza. Anataka kopi. "Wanangu wanajua mama yao anafagia tu. Nataka wasome." Nikamwambia dada, karatasi hiyo hiyo ndiyo inakufukuza kazi. Akasema, "Najua. Nitolee."

Mashine ya kopi iko ofisini kwa mkuu. Insha kanirudishia, iko hapa. Fomu nayo iko hapa, haina saini, na kalamu ni hii ninayoandikia. Mama Deki bado kasimama dirishani, ameegemea ukuta, hana haraka. Mkuu kachungulia mlangoni: "Fomu bado?"

Nimemjibu naja, nina kurasa tano za kutoa kopi kwanza.