Koo la Delphine

Makiso, Kisangani, 24 Mei 2000

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii ya mto. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila silali vizuri kwa kumfikiria mdogo wangu.

Ule utando mweupe niliomfuta Delphine kinywani Jumapili nimeuotesha kwenye maabara ya chuo. Ni kuvu, na vidonge vya hospitali haviiwezi tena, imevizoea. Profesa wangu amenipa gome la ule mti wa manjano ambalo watu huchemsha kwa homa. Benoît wa mtumbwi anakuletea. Lichemshe, Delphine asukutue na kumeza kidogo, asubuhi na jioni. Vidonge viache kwanza, Papa, usichanganye. Nataka tujue ni dawa ipi inayomsaidia.

Binti yako,
Kanyere

Lubunga, 31 Mei 2000

Kanyere, mama yangu,

Tunaendelea, na mgongo umenyamaza. Huku wanasema yale majeshi mawili ya wageni yanachimba mahandaki huko kwenu. Uje ulale huku, achana na vichupa vyako.

Gome lilifika. Siku tatu za kwanza mdogo wako alikunywa uji, nikamshukuru Mungu. Tangu juzi utando umerudi mpaka kooni. Jana nilimpondea lituma laini kabisa, ndizi zilizoiva vizuri, akazitema. Akaniambia, "Papa, njaa iko naniuma, lakini chakula haipite." Nililia mbele yake, sitakuficha. Anaviomba vidonge vyake. Nimevifungia kabatini, maana aliyesoma ni wewe, na neno lako nalishika.

Baba yako,
Léopold

Makiso, 4 Juni 2000

Papa,

Natumaini mnaamka salama, nisamehe sina nafasi ya salamu ndefu. Nilikosea. Mpe Delphine vidonge leo hii, pamoja na gome.

Nilipanda kuvu yake kwenye visahani vitatu. Penye kidonge peke yake imeota kama kawaida. Penye gome peke yake imepungua tu. Penye vyote viwili haikuota kabisa, na nimeangalia mara nne. Profesa anadhani kuvu hii imejifunza kuitema dawa, na kilichomo ndani ya gome kinaizuia isiteme. Kisahani si mtu, najua, lakini sina kingine cha kumpa. Mimi ndiye niliyekataza vidonge, kwa kujifanya mwangalifu. Fungua kabati.

Kanyere

8 Juni

Papa, barua ya tarehe nne bado ninayo mkononi. Jumatatu vita vilianza kabla Benoît hajavuka, na tangu hapo hakuna mtumbwi hata mmoja mtoni. Tumejibana kwa profesa, watu kumi na wawili, makombora yanapita juu ya paa. Naogopa, lakini ninachokiogopa zaidi ni utii wako. Maisha yako yote umebishana na wateja wako, na Mama, na padri. Kwa nini mimi tu ndiye unayenitii?

Kanyere

Lubunga, 12 Juni 2000

Kanyere,

Uko hai? Benoît anavuka leo mara ya kwanza, nimemwambia asirudi bila habari zako. Nyumba yetu imesimama, sisi wote wazima.

Nakuomba radhi, nimeshindwa kushika neno lako. Siku ya tatu ya mabomu nilikuwa chini ya kitanda, Delphine akavunja kufuli la kabati kwa mchi. Nilimfokea kwamba umekataza. Alisaga kidonge kwenye maji ya gome, akanywa, na tangu siku hiyo anafanya hivyo kila siku. Sijui kama tumeharibu kazi yako. Ulimi bado una weupe. Lakini jana alimeza lituma nusu sahani, nikakaa namtazama mpaka akanikasirikia. Bon, sasa ananinyang'anya kalamu.

Baba yako

Yaya Kanyere, dada yangu,

Papa anakuomba radhi kwa ajili yangu, mimi sikuombi. Vidonge peke yake vilishindwa, gome peke yake likashindwa, nikaona nijaribu vyote, maana nilikuwa nakufa na ninyi wawili mnaandikiana adabu. Nina miaka ishirini na miwili na koo ni langu. Vidonge vimebaki vinne. Niandikie mimi.

Mdogo wako,
Delphine