Rangi Ikilala

Jumatano. Mvua ya jana imeondoka na vumbi la Kariakoo, joto imeniachia mimi. Mnada wa nguo huko chini umeshaanza kupiga kelele. Mimi nimekaa juu ya ndoo ya rangi, brashi nimeiweka chini, naandika.

Leo sina utani. Nadanganya, ninao, ila umenikaa vibaya kifuani.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Sefu, mchoraji. Sisemi mchoraji hodari, maana hata jua huwa halijitangazi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini nimefika Mombasa, nimefika Maputo, na Maskati nilipaka kuta za hoteli mpaka mwenye hoteli akaniomba nipumzike. Chumba changu cha kazi kiko ghorofani, nyuma ya maduka ya mapazia. Nachangia na Benja, mchoraji mwenzangu, mtu niliyekuwa namwita ndugu mpaka jana alasiri.

Kila asubuhi yangu ni ileile. Natoa ufunguo juu ya fremu ya mlango tunakouficha, nafungua dirisha, naanza kugeuza picha zangu moja moja, maana usiku huwa nazilaza zimetazama ukuta. Kabla ya kugusa rangi naziangalia kupitia kioo cha pikipiki nilichookota Ilala. Kwenye kioo picha inageuka upande, na kosa lililokuwa limejificha linatoka lenyewe. Kioo hakina urafiki na mtu. Nikishaona kosa, narudia. Nafuta, napaka, nafuta tena. Picha moja naweza kuirudia mpaka kanvasi inakuwa nzito kama godoro lililonyeshewa.

Picha niliyoirudia kuliko zote ni ya Mama Benja.

Huyu mama ndiye aliyenipokea nilipotoka Lindi na begi lenye zipu mbovu. Nilimfuata mwanawe mpaka nyumbani kwao Ilala, tukiwa tumejuana siku ileile kwenye karakana ya fundi mmoja wa picha. Mama alikuwa anakaanga chapati barazani. Hakuniuliza kabila, hakuniuliza dini, aliuliza kama nimekula. Nikalala pale usiku mmoja, ule usiku ukawa miaka. Nikamwahidi, "Mama, nikiwa mchoraji wa kweli nitakuchora." Akasema nianze kwanza kuosha sufuria.

Basi mwaka huu nikaanza kumchora, amekaa nyuma ya jiko lake la chapati, kama alivyokuwa zamani zile. Jumapili hii akitoka kanisani anakuja kuichukua, aitundike sebuleni.

Sasa, mnaonifuata hapa mnakumbuka mahubiri yangu. Niliandika humuhumu kwamba rangi ya mafuta ina siri: ikilala, inatulia. Unaiacha jioni haina sura, asubuhi unakuta imejipanga. Nilitoa mfano wa sikio la Mama. Jioni nililiacha kama kipande cha muhogo, asubuhi nikakuta sikio la mtu, na tundu la hereni limevutika kidogo kama lilivyo kweli. Nikapiga picha nikaweka hapa, mkanimwagia sifa, nami nikazipokea zote bila kubakiza.

Halafu yakaja macho. Mimi nilimchorea macho mawili sawasawa, mazuri, ya kwenye kalenda. Asubuhi nikakuta kope la kushoto limeshuka. Mama ana kope hilo tangu utotoni, mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Nikajiambia rangi imekauka ikavuta kope chini. Tena nikamweleza Benja jinsi kukauka kunavyofanya kazi, kwa mikono yote miwili, na yeye alikuwa anakoroga rangi yake, ananiitikia, "Eeh. Kumbe."

Kumbe.

Dada mmoja wa Upanga aliniuliza hapa ni rangi ya kampuni gani, maana rangi yake yeye ilikuwa inalala na kuamka vilevile. Nilimjibu kwamba rangi inamjua mwenyewe. Dada, nisamehe.

Mama alikuja kuiona wiki chache zilizopita. Alisimama mbele yake, pochi kifuani. Kisha akaweka kidole karibu na lile kope, hakuligusa.

"Hapa umeniona, Sefu," akasema. "Wengine wote wananipiga picha, hawanioni."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama nimeoa. Benja siku hiyo aliaga mapema, akasema kichwa kinamuuma.

Sasa jana.

Jana alasiri niliifanyia kazi shingo ya Mama, nikaiacha, nikateremka kunywa kahawa pale kona. Benja akabaki. Kikombe hakijafika mdomoni, mvua ikashuka, na nikakumbuka dirisha liko wazi na picha iko pembeni yake. Nilikimbia. Nilipita katikati ya mikokoteni na mafungu ya mapazia kama mwizi, viatu vimejaa maji, nawaza shingo tu.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Benja alikuwa amekaa kwenye ndoo yangu, mbele ya picha yangu, ameshika brashi yangu nyembamba. Kidole chake kidogo kimeegemea kanvasi ili mkono usitetemeke. Hakunisikia kuingia. Nilisimama mlangoni nadondosha maji, nikamtazama akivuta mstari mmoja kutoka chini ya sikio mpaka begani, polepole, na shingo ya Mama ikatokea.

Ilitokea, jamani. Hiyo ndiyo iliyoniuma kwanza.

"Unafanya nini hapo?"

Hakushtuka kama mtu aliyefumwa. Aliiweka brashi chini taratibu.

"Shingo. Shingo ya Mama haiko vile."

"Tangu lini, Benja?"

Akaangalia dirisha. "Tangu sikio."

Mtu wa nje hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo, basi ngoja nieleze. Kule kwenye karakana tulikojifunzia, fundi alikuwa anapita jioni na brashi yake, anagusa picha ya kila mtu, kisha anaandika jina lake chini. Ulikuwa huwezi kusema hii ni yangu. Mimi na Benja tuliondoka pale kwa sababu hiyo, na siku tuliyopata chumba hiki tuliwekeana sharti moja: brashi ya mtu haiingii kwenye picha ya mtu. Hata ukiona mwenzako amechora ng'ombe wa miguu mitano, unafunga mdomo mpaka akuulize. Tukapeana mkono. Mama alikuwa shahidi, alituletea chapati.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Ukitaka kunitukana nitukane, nimezoea, lakini unaniacha najisifu mbele ya dunia nzima, unaniitikia "kumbe"?

"Ningekwambia, ungenisikia?" akasema. "Wewe ukianza kujisifu, hata mnada wa chini unanyamaza. Nilijaribu kukwambia kuhusu macho. Ukanieleza habari za Maskati."

Hapo nilitaka kucheka. Kama angeishia hapo ningecheka, ningemrushia kitambaa cha rangi, yakaisha. Lakini akaendelea.

"Na huyu ni mama yangu, Sefu. Siwezi kumtazama kila siku akiwa mtu mwingine."

Mama yangu.

Miaka yote ile tulikuwa tunasema Mama tu. Mama kaita, Mama anaumwa, leo zamu yako kumpelekea Mama unga. Nilikuwa sijui kwamba hilo neno lina mwenyewe. Bora angeniibia kanvasi zangu akauze. Bora angeandika jina lake kwenye picha, ningejua nimepigana na mwizi. Yeye alinichukulia lile neno, halafu akavaa koti, akaingia mvuani.

Leo hajaja.

Nimefika asubuhi, nimegeuza picha. Brashi yangu nyembamba nimeikuta imeoshwa, imeviringishwa kwenye kitambaa. Kumbuka kwamba siku zote hizi nilikuwa naikuta safi, na nikajisifu kwamba siku hizi nimekuwa mtu wa usafi.

Nikaenda upande wake. Kuna picha yake ya kuli anavuta mkokoteni, bado mbichi, nzuri kinoma. Nikachovya brashi kwenye nyekundu. Nilitaka kumpa yule kuli masharubu na miwani ya jua, Benja akija akute mtu maarufu. Nilisimama pale mpaka tone likadondokea kiatu changu. Kuli wa watu alikuwa anajivutia mzigo wake, hana ugomvi na mtu. Nikarudi upande wangu.

Nikamwangalia Mama kwenye kioo. Na kioo, mshenzi yule, kikaniambia kilekile: sikio ni kweli, macho ni kweli, shingo ni kweli. Mikono iliyoshika chapati, ambayo Benja hakuigusa, nayo ni kweli. Hiyo nilichora mimi. Mikono ile ndiyo niliyoitazama zaidi, nilipokuwa na njaa.

Nimelifuta sikio. Nimelichora upya mwenyewe, polepole, kidole kimeegemea kanvasi. Sasa hivi linafanana na korosho. Kope la kushoto nilishindwa kuligusa, brashi ilifika pale ikarudi. Jumapili Mama akija nitamwambia macho ni ya mwanawe. Atakayesema mikono ni ya nani sijui, mimi sitajitangaza.

Jua limeshaegemea upande wa Ilala, nimefunga. Sikuilaza picha imetazama ukuta, nimeiacha inatazama mlango. Ufunguo nilikuwa nimeshautia mfukoni, nimefika nao mpaka ngazi ya chini, nikapanda tena kuurudisha juu ya fremu.

Kesho nikikuta sikio bado ni korosho, sharti letu limerudi. Nikikuta limekuwa la Mama, sijui nitamlilia nani. Sijui hata ninaomba lipi.